Mama Pacha na Mabwawa Matatu

Kazi ya kutunza mabwawa ya majitaka ilipotangazwa pale kijijini, wanaume walitazamana, kila mmoja akimsukumia mwenzake kwa macho. Aliyenyanyua mkono ni Mama Pacha. Mumewe, fundi seremala, aliposikia aliweka randa chini, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akamtengenezea reki ya mpini mrefu ya kuopolea takataka.

Si wote waliocheka kwa upendo. Wifi yake, dada wa fundi, alilima mboga bondeni chini ya mabwawa, na kila akimwona alijiziba pua.

"Jamani, pisheni, malkia wa vyoo anapita!"

"Nipigie saluti basi," Mama Pacha alimjibu, akaenda zake.

Maji machafu ya nyumba zote, ya shule na ya zahanati, yaliingia bwawa la kwanza yakiwa meusi tii, tope lake zito likatulia chini. La pili lilikuwa kijani kibichi, jua na vijidudu vikiendelea kuyasafisha. Kwenye la tatu bata mwitu walitua wenyewe bila kualikwa. Mama Pacha alifyeka nyasi za matuta, aking'oa miche kabla mizizi haijatoboa udongo. Aliopoa matambara na, siku moja, meno ya bandia, ambayo mpaka leo hakuna aliyejitokeza kuyadai.

Asubuhi moja, mvua zikiwa zimekolea, aliona upande wa nje wa tuta la kwanza pameloa kuliko kawaida. Akachutama. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka ndani, tena yamechanganyika na tope. Panya walikuwa wamechimba. Lile tope ndilo lililomkata maini: tuta lilikuwa linaliwa kwa ndani. Na chini yake kulikuwa na bustani ya wifi, na kisima wanachotekea watu wengi wa kijiji.

Akaziba njia ya kuingilia bwawa la kwanza, akayageuzia majitaka kwenye la pili, akafungua koki ili maji ya la kwanza yapungue kwa kuhamia la pili. Kisha akateremka mbio mpaka bustanini.

"Wifi, acha jembe! Hapana, njoo nalo! Tuta linavuja. Likikatika, uchafu wote unakuja kwako, halafu kisimani!"

Safari hii wifi hakujiziba pua. Alipiga ukunga uliowatoa watu majumbani. Fundi alikuja na vumbi la mbao kichwani, muuguzi akaja na aproni yake, mwalimu mkuu akakunja suruali. Mama Pacha alisimama juu ya tuta akiwapanga kama anavyopanga masufuria jikoni kwake: hawa wachimbe, wale walete udongo wa mfinyanzi, hawa washindilie.

"Msimwage wote kwa mkupuo! Tabaka kwa tabaka!"

Wakalifuata shimo la panya mpaka mwisho wake, wakaliziba. Wifi, matope mpaka kwenye kope, alishindilia kwa nguvu hata kaka yake akamwomba apumue. Jua lilipoanza kuinama, maji yaliacha kutoka. Watu wakajitupa majanini, hoi.

"Hivi kila siku huku unakuwa peke yako?" wifi aliuliza.

"Mimi na bata."

Wifi akajifuta tope usoni. "Kesho nikimaliza kumwagilia, napanda huku juu kwako. Unionyeshe dalili za panya."

Na kweli alipanda, kesho yake na siku nyingine nyingi.

Kijiji cha ng'ambo kilipochimba mabwawa yake, kilimwomba Mama Pacha akawafundishe watu wake. Siku ya safari fundi alimbebea begi mpaka stendi, akimtangazia kila aliyekutana naye, hata asiyeuliza:

"Namsindikiza mwalimu!"

Mama Pacha alimfinya anyamaze, lakini shingo yake mwenyewe ilikuwa imenyooka. Alipanda basi, akaviacha viti vya nyuma vyote vilivyokuwa wazi, akaenda kuketi mbele kabisa, karibu na dereva, ambako kila mtu angemwona.