Siku Niliyovaa Mwenyewe

Adabu nusura initie hasara. Mara ya kwanza nilipoitwa mbele ya daktari wa tathmini sikushindwa na serikali. Nilishindwa na ulimi wangu mwenyewe.

Nilikuwa mkata minofu ya sangara katika kiwanda kimoja huko Ilemela. Kisu kiliteleza, kikakata kano za mkono wa kulia, na vidole vitatu vikabaki vimenyooka hadi leo, havikunjiki hata uvibembeleze. Kiwanda kilijaza fomu zake, hospitali ikajaza zake, nami nikajaza zangu kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama kuku kapita. Ikabaki daktari anipime na kuandika kama bado naweza kazi. Akiandika siwezi, nitalipwa fidia kila mwezi. Akiandika naweza, narudi kwenye kisu.

Siku hiyo nilijipamba. Mume wangu alinifunga vifungo vya blauzi ya mtumba niliyonunua Mkuyuni, vyote saba, akanifunga na kilemba. Daktari alikuwa kijana wa rika la mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo, mama. Mkono unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Unaendelea vizuri, namshukuru Mungu."

"Kuvaa, kupika, kufua, unafanya mwenyewe?"

"Nafanya."

Ningemjibu nini? Ukweli ni kwamba nyumbani kwetu Pasiansi mume wangu ndiye aliyekuwa akifua, akisonga ugali na kunisugua mgongo, tena baada ya kufunga mlango, maana majirani wangejua wangesema nimemlisha limbwata. Nilikuwa namlinda. Mkono wenyewe niliuficha ndani ya khanga, na daktari aliponiomba niutoe, niliutoa kidogo tu na kuurudisha haraka.

Barua ikaja: mdai ni nadhifu, anajihudumia, anaweza kuendelea na kazi. Nilimtukana yule kijana, tena matusi ya soko la samaki. Nilipoisoma mara ya pili nikaona hajaandika neno ambalo sikumwambia mimi. Hapo ndipo nilipolia, na hasira ilikuwa kubwa kuliko huzuni.

Chini kabisa waliandika kwamba asiyeridhika anaweza kuomba kupimwa upya na jopo. Nikaomba siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya jopo mume wangu alichukua blauzi kama kawaida yake. Nikamwambia aiweke.

"Mama watoto, utachelewa."

"Acha nichelewe. Leo navaa mwenyewe."

Nilianza kabla ya chai, na chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena. Kwa mkono wa kushoto na meno nilifanikiwa kufunga kifungo kimoja, nacho kwenye tundu lisilo lake. Nikajitupia khanga juu, tukashuka mlima wa mawe wa kwetu, mume wangu nyuma akinisihi anifunge walau kilemba. Nilikataa. Aibu iliniunguza uso njia nzima, lakini sikurudi.

Jopo lilikuwa na madaktari wawili wanaume na muuguzi mmoja, mama wa makamo kama mimi. Waliniuliza yale yale. Safari hii nilivua khanga.

"Hivi ndivyo ninavyovaa," nikasema. "Nimeanza alfajiri. Mume wangu yuko hapo nje. Yeye ndiye anayenifunga vifungo, yeye ndiye anayefua, yeye ndiye anayesonga ugali. Na limbwata sikumpa."

Daktari mmoja alicheka hadi akavua miwani. Muuguzi hakucheka. Aliinuka akaja kunifunga, kwa sababu hakuna mwanamke wa huku anayemwona mwenzake shimizi nje mbele ya wanaume akabaki amekaa. Nikamzuia kwa mkono wa kushoto.

"Andikeni kwanza, dada. Halafu utanifunga."

Muuguzi akarudi kukaa. Kisha waliuweka mkono wangu mezani, wakajaribu kukunja kidole kimoja kimoja, wakaandika. Nilikaa vile vile, blauzi wazi, hadi kalamu ikawekwa chini. Sijawahi kujisikia na heshima kama siku ile.

Baada ya wiki kadhaa niliitwa kuchukua majibu. Nilisoma nikiwa bado nimesimama dirishani kwa karani: ulemavu wa kudumu, madai yamekubaliwa, malipo ni ya kila mwezi. Nilipiga vigelegele pale pale koridoni. Akina mama waliokuwa kwenye foleni, wasiojua hata kilichotokea, wakaitikia.

Mume wangu alikuwa ananisubiri kwenye ngazi, katikati ya watu; nikampa majibu akayasoma. Mzee mmoja akamuuliza kuna nini huko ndani.

"Mke wangu hawezi kazi!" akajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, huku anacheka na machozi yanamtoka. "Wamekubali hawezi! Hata ugali nasonga mimi!"