Chumba cha Upande wa Mtambo

Msusi mmoja, mke wa dereva wa lori, aliishi na mama mkwe wake kwenye mwinuko nyuma ya mji. Upepo wa huko haukuwa wa mchezo. Uliwahi kubeba bati la jirani likatua barabarani. Umeme haukuwapo. Mteja aliyetaka nywele zikauke aliambiwa akae juani.

Kampuni ilipotafuta pa kusimamisha mitambo ya upepo, mama mkwe, bibi wa nyumba ile, ndiye aliyekataa. "Lidude refu hivyo lizunguke mlangoni pangu, nitalala vipi?"

Mwanawe akambembeleza: halitoi moshi, halili mafuta, na zahanati itapata jokofu la chanjo. Bibi akakubali kwa ajili ya watoto wa watu.

Umeme ukaja, na jokofu likaja kweli. Msusi akanunua draya, akaanza kupokea maharusi. Upepo ukilala, umeme nao ulilala, na wateja waliondoka vichwa vimelowa. Ukiamka, mtambo ulivuma vuu, vuu, mpaka watu wakazoea kuongea kwa kupaza sauti. Ila kubwa lilikuwa kivuli. Jua likianza kushuka nyuma ya mtambo, mapanga yake yaliukata mwanga, na stoo ya upande ule ikapepesa: mwanga, giza, mwanga, giza, hadi jua lizame.

Bibi alilala chumba cha mbele, kikubwa, chenye mlango wa barabarani. Msusi alikitaka kwa saluni.

"Mama, huku kelele za wateja zitakusumbua," alimwambia bibi siku dereva alipokuwa safarini. "Nimekutandikia kule stoo. Kumetulia."

Bibi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Sura za watu hakuziona tena. Aliona mwanga na giza tu. Jioni ile ile aliyohamishiwa stoo akapiga kelele.

"Nani huyo anapitapita?"

"Hakuna mtu, mama."

"Yupo! Anakwenda, anarudi!"

Msusi alijua ni kivuli. Neno moja lingetosha. Alisimama mlangoni, mikono imejaa mafuta ya nywele, akamtazama kikongwe akikinga uso kwa viganja.

"Labda ni marehemu baba," akasema. "Amekuja kukuchukua."

Tangu hapo, kila jioni bibi aliongea na mumewe. Alimwomba radhi kwa mambo ya ujana wao, ya chumbani na ya moyoni, mengine hata wanawe hawakuwahi kuyasikia. Ukuta ulikuwa mwembamba. Msusi alizima redio ili wateja wafaidi.

"Ngojeni," alinong'ona, "leo atafika kwa yule fundi viatu." Wakacheka mpaka machozi.

Wifi yake alipokuja kumsalimia mama, alikaa naye hadi jioni. Akaona ukuta unavyopepesa, akasikia mama anavyolia.

"Mama, ni mapanga ya mtambo hayo! Yanaziba jua."

Bibi akauliza, "Mkwe wangu anajua?"

Wifi aliinuka. Alifunga nguo za mama kwenye kanga, akamshika mkono.

"Mchukue," msusi alisema bila kuacha kusuka. "Nimeuguza vya kutosha."

"Hukuuguza. Ulimchezea kama paka na panya."

Dereva aliporudi alimfuata mama kwa dada yake, bondeni, ambako nguzo za umeme hazijafika. Mama alimwambia, "Mkeo hana neno, mwanangu. Ni macho yangu." Dada akamweleza yote, waziwazi. Dereva akachagua la mama, maana lilikuwa jepesi kubeba, akarudi kwa mkewe akala akalala.

Siku moja bibi alimuuliza bintiye, "Wale wateja, walikuwa wakinisikia?"

"Hapana, mama. Hawakusikia kitu."

Bibi akatikisa kichwa polepole. Hakulitaja tena jina la mumewe hadi alipokufa.