Mto Unakula, Mwalimu

Nilipanda basi Tunduru kabla jua halijachomoza, nikabadilisha Masasi, nikabadilisha tena Nangurukuru. Kufika Ndundu miguu ilikuwa imevimba, viatu vinabana. Tulipovuka daraja nilichungulia dirishani kutafuta pale kivuko cha zamani kilipotushushia enzi za ujana wangu. Sikupaona. Nilifuata kazi ya kupakia mbao Ikwiriri, nikaambiwa wameshapata watu. Sikuwa na nguvu za kupanda basi jingine. Nikapata chumba Umwe, kwa mama mmoja mkulima wa mpunga, nikawa namsaidia shambani.

Mama huyo alikuwa na binti wa miaka thelathini na kitu. Chuo cha wahudumu wa afya kilimwambia limebaki somo moja tu: afaulu Kiswahili cha kidato cha nne. Alishalifanya mara mbili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mara mbili likamwangusha. Alisema ya tatu ndiyo ya mwisho. Akianguka, atalima na hatamsumbua mtu tena.

"Watu wa bara wanafaulu," mama yake alimtania. "Wewe uliyezaliwa nacho mdomoni unaanguka!"

Kilichomshinda ni tamathali za semi. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, lakini tashibiha, sitiari na tafsida ni katika vitu vichache nilivyobaki navyo baada ya kuhamahama kote. Tukawa tunasomea juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu kinachosimamishwa katikati ya mpunga, huku tukiamia ndege. Kila baada ya sentensi mbili mmoja wetu alisimama kupiga kelele na kurusha kombeo. Ikifika alasiri sauti yangu ilikuwa imekwisha.

Nilimwandikia: Mto umekula shamba. Nikamuuliza ni tamathali gani.

"Hakuna."

"Ni tashihisi, dada. Kitu kisicho na uhai kimepewa matendo ya kiumbe."

"Mto unakula, mwalimu. Umekula shamba la mama, pale." Alinyoosha kidole kwenye ukingo uliomeguka. "Wewe ungesemaje?"

Mama yake alikuwa chini yetu kivulini, anasuka ukili wa mkeka.

"Muulize na huo mto ukishiba unatapikia wapi," akasema.

"Wapi, mama?" nikauliza.

"Maparoni, kule unakoingilia baharini! Ndiyo maana mpunga wa kule umenona na wetu umekonda."

Tulikwama hapo wiki mbili. Nikiandika njaa imebisha hodi, anasema hakuna, njaa ilishabisha kwao, anaijua. Nikiandika mafuriko yametufukuza, anasema hakuna, yalimfukuza yeye na godoro lake. Nilianza kuogopa kwamba nitamwangusha mara ya tatu, safari hii kwa mkono wangu.

Siku moja nilichoka kubishana.

"Anayesahihisha hajawahi kulima bondeni," nikamwambia. "Soma kama yeye. Mtu asiyeujua mto huu, hapo angeshtushwa na neno gani?"

Alishika kalamu muda mrefu. Ndege walishuka, hakuna aliyesimama.

"Kula," akasema. "Angeshtushwa na 'umekula'. Kumbe tashihisi ni ya watu wa mbali."

"Kaa nayo kichwani hiyo. Kwenye karatasi andika tashihisi."

Baada ya hapo hakunipa tabu. Tafsida ndiyo hakuhitaji hata kufundishwa. Mfano wake ulikuwa: Baba ametoka kidogo. Baba yake aliaga kwa maneno hayo, na ule ulikuwa mwaka wa tisa hajarudi.

"Si kweli ametoka kidogo?" mama akasema, hakuinua macho kwenye ukili. "Na wali wake umepoa kidogo."

Nilimwahidi binti kwamba nitakaa mpaka matokeo. Kwangu ilikuwa ahadi nzito. Kila basi lililopita barabarani nililihesabu kama limeniacha. Mpunga ulivunwa, akafanya mtihani, tukangoja. Matokeo aliyaona kwenye simu ya jirani: Kiswahili, C. Alikaa barazani akaisoma ile herufi moja mpaka simu ikazima. Mama yake alipiga vigelegele akakohoa.

Wiki ya kwenda chuo ilipofika, alikuwa barazani akikunja nguo zake. Nami nikatoka na begi langu.

"Wapi tena?" mama akauliza.

"Natoka kidogo, mama. Nafika Kibiti."

"Tafsida," akasema binti, anaendelea kukunja.

Mama akanitazama begi, kisha uso.

"Sema kama ilivyo, mwanangu. Yule wa kwanza hakusema."

"Naondoka, mama. Sirudi."

Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Akatoka na mchele uliofungwa kwenye kipande cha khanga.

"Wa Umwe huu," akasema. "Aliotubakishia mlaji."