Goti Langu Lilikuwa Zima

Siku ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko zote ni Jumamosi moja ya jua kali, nilipoingia zahanati ya chuo nikichechemea, na goti langu halina kasoro yoyote.

Mwanangu, jana uliniuliza kwenye simu kama kichwa kinaweza kumsaidia mchezaji wakati mikono imekataa. Uliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mgonjwa, nikajua mgonjwa ni wewe. Basi nisikilize. Haya hata babako sijamwambia.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni hapa Kisumu, nikiishi kwa shangazi Kaloleni. Kwa sababu ya urefu wangu kila mtu aliamini nimeumbiwa mpira wa kikapu, na mwaka wa kwanza nilicheza vizuri. Halafu katika mechi moja, sekunde chache zimebaki na tuko nyuma kwa pointi moja, nikapewa mitupo miwili huru. Wa kwanza haukugusa hata ringi. Watu wakacheka. Wa pili sijui ulikwenda wapi.

Tangu hapo hofu ikanikaa mwilini. Uwanjani nilikimbia sana, lakini nilikimbilia mahali ambapo mpira haungenifikia. Kocha alidhani mimi ni mvivu, nami nikamwacha adhani hivyo. Niliona afadhali uvivu kuliko uoga.

Jumamosi hiyo tulikuwa na mechi ngumu. Nikamwambia muuguzi, Mama Dorina, kwamba goti linaniuma. Alikuwa mtu mzima kutoka Katito, muuguzi na mkunga, mwenye maneno machache. Aliliminya goti, akalikunja, akanitazama usoni, kisha akalifunga bandeji. Nilitoka nikidhani nimemdanganya.

Achieng, rafiki yangu niliyetembea naye kila siku kutoka Kaloleni, akacheza nafasi yangu. Alikuwa mfupi, na hakukuwa na wa kumpumzisha. Mwishoni aliruka kuzuia mpira, miguu imeshachoka, akaangukia mkono. Mlio wa mfupa kuvunjika niliusikia kutoka kwenye benchi.

Nikaruka, nikamkimbilia. Nilikimbia, mwanangu, mbele ya kocha na timu nzima, na bandeji ile gotini. Nilipoinua macho wote walikuwa wanalitazama goti langu. Macho yao yaliniogopesha kuliko kile kicheko.

Mama Dorina alikuja uwanjani, akamfunga Achieng mkono kwa vibao, akampakia kwenye gari la hospitali, kisha akanigeukia.

“Leta hiyo bandeji,” akasema. “Hujawahi kuihitaji.”

Nikaifungua, nikampa. Nikamwambia ukweli, kwamba naogopa, na kwamba hofu imenishinda.

“Mimi huogopa kila mama anapokuja kujifungua,” akasema. “Miaka ishirini sasa. Naosha mikono nikiogopa, nazalisha nikiogopa. Nyathina, mtoto wangu, nani alikuambia usubiri hofu iishe ndipo uanze kazi?”

Nilikiri mbele ya timu. Kocha akanisimamisha kwa mechi tatu. Nikaanza kwenda uwanjani kila asubuhi kabla ya masomo, natupa mpira peke yangu, nikiogopa vilevile. Baada ya wiki moja Achieng akatokea, mkono kwenye plasta. Alisimama chini ya ringi akinirudishia mpira kwa mkono mmoja, hasemi nami. Wiki ya tatu ndipo alipofungua mdomo.

“Kiwiko chako kinatoka nje.”

Ni kweli, kilikuwa kinatoka nje. Miezi yote ile sikuwahi kukaa na mpira muda wa kutosha kuligundua hilo.

Niliporudi mechini nikapewa tena mitupo miwili. Wa kwanza nikakosa. Wa pili ukaingia. Tulishindwa siku hiyo, lakini mpira uliofuata niliuomba mwenyewe. Sikuwahi kuwa nyota; nilikuwa mchezaji wa kutegemewa tu. Achieng naye mkono wake haukunyooka tena sawasawa. Nikimtembelea kwake Migosi namwona anasonga ugali kwa mkono wa kushoto, na bado naumia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kichwa hakitatia mpira kwenye ringi. Kazi yake ni kukuzuia usikimbie, ubaki uwanjani mpaka mikono ijifunze na rafiki aone kosa usiloliona. Usisubiri hofu iondoke, yangu haikuondoka. Kesho mwambie kocha wako kwamba unaogopa. Umwambie wewe, kabla mwenzako hajaumia kwa kukubebea.

Mungu akushike mkono unapotetemeka, mwanangu. Akupe marafiki watakaokuambia kweli hata wakiwa wamekukasirikia, na akurudishe nyumbani mzima.