Wanaisalimia picha, mlinzi wanampita

Saa kumi na mbili jioni, Metui Sairowua analowesha kitambaa laini na kufuta vumbi jekundu kwenye kioo kirefu kuliko yeye, katika bustani iliyo jirani na stendi ya Karatu. Akimaliza anabonyeza swichi. Taa ya juu inawaka, na ndani ya kioo anatokea yeye mwenyewe: shuka begani, mkono wa kulia umenyooshwa mbele kana kwamba umetoka nje ya kioo.

Wanafunzi watatu wa Kimaasai wanapita. Wanainamisha vichwa mbele ya mkono ule, kama watoto wanavyomsalimia mzee ili awaguse utosini, kisha wanacheka na kwenda zao. Metui mwenyewe, aliyesimama hatua mbili pembeni na koti lake la ulinzi, hakuna aliyemtupia jicho.

"Nimeshazoea," anasema, ingawa uso wake unasema mengine.

Picha hiyo ni hologramu. Hutengenezwa kwa mwanga wa leza, na ukisogea pembeni unamwona mtu ubavuni kana kwamba yupo kweli. Msanii Winnie, wa Arusha, aliitengeneza miaka miwili iliyopita baada ya kuhangaika kumpata mzee wa kupigwa picha. Mzee mwenyewe alikuwa mlangoni pa bustani hiyohiyo, analinda.

"Nilimwambia, Mzee Metui, usitikise hata kope," anakumbuka Winnie. "Akatulia tuli."

Metui, 57, ni wa Enguserosambu. Ukame ulipomwachia ng'ombe watatu, alifunga safari kuja kutafuta kibarua. Analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na zaidi ya nusu huituma nyumbani. Likizo hana, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kukitunza kioo hicho.

"Majirani zangu ni Wairaqw, watu wema kabisa. Ila wao wakiwa shambani, mimi nimelala. Kuna siku inaisha sijaongea na mtu."

Aprili iliyopita binti yake, Nailantei, alimletea mjukuu wa miaka minne, Kakenya, ambaye babu alikuwa hajawahi kumtia machoni. Mtoto alimjua babu kwa picha ya kioo hicho, iliyo kwenye simu ya mama yake. Basi lilichelewa, wakafika taa imeshawaka.

Kakenya alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akainamisha kichwa, akangoja. Hakuguswa.

"Nikamwambia, babu ndiye huyu hapa," anasimulia Nailantei kwa simu. "Akajificha kwenye shuka langu. Akasema, hapana, babu ni yule."

Asubuhi wakaondoka. Metui hakumgusa mjukuu wake hata mara moja.

"Naionea wivu picha yangu mwenyewe," anasema, wala hatanii. "Inauma, bwana."

Desemba wameahidi kurudi. Mkataba unataka taa iwake kila jioni, la sivyo anakatwa malipo ya siku. Metui ameshakata shauri.

"Siku hiyo siwashi. Wanikate tu. Nataka mtoto akute mzee mmoja hapa, na huyo mmoja niwe mimi."