Kijiko cha Kumfukuza Nesi

Shangazi mshonaji hamwamini mtu. Mteja akimletea kitambaa na kusema ni mita tatu, hukipima palepale, jicho moja kwenye futi, jingine kwa mteja. Ndivyo alivyoingia wodi ya watoto na binti wa kaka yake, aliyeungua mguu kwa maji ya moto. Hakuona manesi, aliona watu wa kuchungwa.

Mtoto mwenyewe haongei na wageni. Akisogelewa tu, hujikunyata chini ya shuka. Na kidonda kilitaka kusafishwa, la sivyo kingeoza.

Akaja nesi mmoja mfupi. Mwanzoni hakumsemesha mtoto wala kumkodolea macho. Alikaa sakafuni, akaufunga bandeji mguu wa kiti, taratibu, kisha akaweka kijiko kitandani, karibu na mkono wa mtoto.

"Ukikigonga kwenye chuma hiki cha kitanda, naondoka. Hata nikiwa katikati ya kazi."

Ngo! Nesi akaondoka.

"Ehee!" shangazi akamgeukia mama wa kitanda cha pili. "Umeona ujanja? Kiti kinafungwa bandeji, mgonjwa anatazama! Kajitafutia mapumziko huyo."

Jioni nesi akarudi, akagongewa, akatoka. Shangazi akamfuata unyounyo, amfumanie amelala. Akamkuta kaegemea ukuta wa koridoni.

"Unangoja nini?"

"Nampa nafasi aone kwamba sikumdanganya, shangazi."

"Na mguu ukioza, utamwambia nani hukumdanganya?"

Asubuhi, nesi alipofika tu, shangazi akamkamata mtoto mabega. "Michezo basi! Nimemshika, safisha upesi."

Ngo! Ngo! Ngo!

Nesi akaweka pamba chini. "Anakuambia wewe, shangazi."

"Mimi? Mimi niliyemfunga nepi?"

"Hata wewe."

Shangazi akatazama vidole vyake kwenye mabega yale membamba yanayotetemeka. Akaachia. Akarudi kinyumenyume hadi dirishani, mdomo ameuvuta.

"Haya, nimetoka. Tuone sasa."

Mtoto akamtazama, akatazama kijiko. Akakisukuma chini ya mto. Kisha mguu ukachomoza kwenye shuka, kidogo kidogo, ukamsogelea nesi.

Nesi alisafisha, akisema kila jambo kabla ya kulifanya. Mtoto aliuma meno, hakugonga. Shangazi naye hakubanduka dirishani. Ila shingo aliirefusha kama twiga: alikuwa anakagua kama bandeji ya mtoto imefungwa vizuri kuliko ile ya kiti.