Miguu Yangu Ilipokuwa Poti

Nikwambie ukweli rafiki yangu, mimi mavi ya mtoto sijawahi kuyazoea. Nimelea wawili wangu na wa wengine kadhaa, na mpaka leo nikifungua nepi nabana pumzi kwanza. Kuna wanawake husema ukishakuwa mama kinyaa huisha. Changu hakikuisha. Kilianza Kitengela nikiwa na miaka kumi, na Jumamosi iliyopita kilinirudia hukohuko Kitengela, nyumbani kwa mdogo wangu, yaani yule yule aliyenitia kinyaa hicho.

Mdogo wangu siku hizi ni mtu mzima wa viatu vya kung'aa. Anafanya kazi ya kutoa mizigo mpakani Namanga, na wikendi anarudi kwa mkewe na binti yao, kwenye nyumba yenye vigae mpaka ukutani. Wiki hiyo alikuwa amenipigia simu mara tatu. Binti amefika miaka miwili na nusu na hataki kusikia habari ya poti. Nilipofika hata chai sikuonjeshwa, nilipelekwa bafuni moja kwa moja kuonyeshwa vifaa. Kulikuwa na poti ya waridi inayopiga muziki ikiingia kitu. Kulikuwa na kiti kidogo cha kupachika juu ya choo cha wakubwa, pamoja na ngazi yake. Ukutani palibandikwa chati ya kumwekea mtoto nyota kila akifaulu, na haikuwa na nyota hata moja. Mwenye chati alikuwa amejificha nyuma ya pazia la bafu, kimya kabisa, na harufu ikatupa habari yote.

"Sista, tumejaribu kila kitu," mdogo wangu akasema. "Waifu amesoma mpaka kitabu. Bado anajificha tu."

Nilimtazama na viatu vyake, nikatamani kucheka. Basi sogea nikusimulie.

Kitengela ya miaka ya tisini mwishoni ilikuwa upepo, vumbi na nyumba chache. Sisi ni watu wa magharibi, tulipanga ploti ya vyumba vinane vya mabati vilivyotazamana, na nyuma ya ua wa waya ilikuwa mbuga tupu. Wakati wa kiangazi punda milia walifika karibu tukawaona wakiwa wamesimama tu. Baba alifanya kazi Magadi na alikuja mwisho wa mwezi, amechomwa na jua, nguo zake zikinuka magadi. Mama alishona suruali kwenye kiwanda upande wa Athi River. Alitoka asubuhi na mapema, akarudi jioni na nyuzi zimemnata kwenye sweta.

Vyumba vinane vilitumia choo kimoja cha shimo. Mbao zake zililegea, nzi wa kijani walitoka chini wakakugonga usoni, na ukithubutu kuchungulia uliona funza wakichemka. Sipendi hata kuandika neno hilo. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka miwili na nusu kama binti yake leo, alipopelekwa mlangoni tu alipiga mayowe mpaka mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa akauliza nani anachinjwa. Kwa hilo sikumlaumu. Hata mimi niliingia pale nikiwa nimefumba macho.

Kwa hiyo alibaki kwenye nepi, na nepi zilikuwa za kitambaa, na mfuaji nilikuwa mimi. Maji tuliletewa na mkokoteni wa punda kutoka kisimani, maji ya chumvi yasiyotoa povu. Unasugua sabuni ya kipande mpaka vidole vinachubuka, na kwenye karai yanaelea mabonge meupe kama maziwa yaliyoganda, katikati yake unajua mwenyewe kuna nini. Harufu iliingia chini ya kucha. Nilikula ugali kwa kijiko wiki nzima, mama akaniambia najifanya mzungu.

Mama alileta poti ya plastiki ya bluu. Mdogo wangu aliivaa kichwani. Akachotea mchanga. Siku moja alikubali kuikalia, nikashangilia, akakaa akinitazama kwa muda mrefu, kisha akainuka, akatembea taratibu mpaka nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa na kuchuchumaa hapo. Nilimzaba kofi. Kuanzia siku hiyo akawa anajificha: chini ya kitanda, nyuma ya jiko, ndani ya kabati la viatu. Ulimtafuta kwa pua.

Mwezi wa kumi na mbili msichana wa kazi, aliyemshika mdogo wangu nikiwa shuleni, alikwenda kwao Krismasi na kutuma habari kwamba harudi. Nasari ya shule yetu ilikuwa tayari kumpokea mdogo wangu Januari, lakini mwalimu wa nasari alisema wazi kwamba mtoto wa nepi hataki kumwona. Mama alinikalisha kitandani.

"Shule ikifunguliwa na huyu bado anajiharibia, utabaki na yeye muhula mmoja," akasema. "Mimi nikikosa kazi siku mbili, kuna watu wako kwa geti wanangoja nafasi yangu."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana niliogopa. Januari nilikuwa naingia darasa la tano, na katika shule yetu darasa la tano ndilo lililoacha penseli na kuanza kuandika kwa kalamu ya wino. Kalamu yangu nilikuwa nayo tayari, ya bluu, nimeifungia kwenye soksi. Kwa mtoto mwingine labda si kitu. Mimi nililala nimeishika.

Nyanya yetu alifika kutoka magharibi wiki ya Krismasi, na kuku wawili na gunia la unga. Alipoonyeshwa poti aliigeuzageuza. "Hii ni ya kunywesha ndama?" akauliza. Kisha akaniamuru nivue ndara nikae chini.

Kwao, mtoto hajui poti. Anajua miguu ya mtu. Unamwaga jivu chini, unakaa na kunyoosha miguu hapo, unaitenga kidogo kwenye vifundo. Mtoto anakalia miguu yako akikutazama, mgongo wake umeegemea vidole vyako vilivyosimama, na kitu chake kinaangukia jivuni katikati. Ukimaliza unazoa jivu kwa jembe unapeleka chooni. Ndivyo alivyomlea mama yangu na ndugu zake wote. Niliposikia hivyo nililia. Mkono unaweza kuunyoosha mbali na mwili, lakini mguu utaupeleka wapi?

"Mpe uji, halafu ngoja mpaka jirani amalize kufagia kwake, ndio ukae," nyanya alinifundisha. "Usimchape. Na usikunje uso. Ukikunja uso anajua kitu yake ni mbaya, anaenda kuficha. Kunja tumbo ukitaka. Uso uwache."

Halafu alinifundisha sauti. Ilikuwa yake peke yake, sijaisikia kwa mtu mwingine: mluzi mrefu wa meno unaoshuka polepole, kisha unakatika, kisha anaguna kidogo puani. Psiiiii, mh. Psiiiii, mh. Mdogo wangu alinyamaza kuisikiliza kama anayesikiliza redio.

Siku mbili hakufanya kitu, alinikalia tu miguu ikafa ganzi. Siku ya tatu, jirani alipokuwa anarudisha ufagio, nikahisi joto kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Nakuomba radhi kama unakula. Lilikuwa joto zito, linateremka taratibu kuelekea kisigino, na halikuangukia jivuni lote. Kila unywele wa mwili wangu ulisimama. Mdogo wangu alikuwa ananitazama usoni, macho makubwa, anasubiri kuona nitafanya nini. Nikasema, "Eee, vizuri." Uso niliuacha. Nilimfuta, nikazoa jivu, nikanawa mara tatu, ndipo nikaenda kwenye ua wa waya nikatapika uji wangu wote mbele ya punda milia.

Kufikia mwaka mpya hakuwa akijificha tena. Alinifuata mwenyewe akinivuta gauni na kusema, "Miguu." Nyanya akarudi kwake ameridhika, shule ikafunguliwa, nikaingia darasa la tano na kalamu yangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba nasari mtoto hataikuta miguu hiyo.

Jumatatu alijizuia mpaka nyumbani. Jumanne vilevile. Jumatano walimpanga na wenzake kwenye mikebe ya haja iliyokuwa nyuma ya darasa, akagoma, akajiharibia wakati wa kulala. Mwalimu wa nasari alimwambia mama kwamba ikitokea tena, mtoto akae nyumbani mpaka mwaka ujao. Mama akanitazama, nikajua nani atakaa naye.

Alhamisi tulikuwa tunaandika imla. Mtoto wa nasari akasimama mlangoni akasema mwalimu wake ananiita. Nilitoka na kalamu mkononi. Nyuma ya nasari nikamkuta mdogo wangu amesimama amebana mapaja, jasho limemtoka, machozi yanateremka, na mwalimu ameshika mkebe amekunja uso wake wote. Jana yake tulikuwa tumekula maharagwe. Nilijua kinachokuja ni cha aina gani.

"Miguu," akasema aliponiona.

Na kengele ya mapumziko ikalia wakati huohuo.

Ningeweza kugeuka. Nakwambia kwa sababu nilifikiria. Darasa zima la tano lilikuwa linamwagika nje. Nikaiweka kalamu juu ya jiwe, nikavua viatu na soksi nyeupe, nikakaa mchangani na kunyoosha miguu. Akakalia. Kilichotoka hakikuwa cha kuzoa kwa jembe. Kilifunika nyayo, kikaingia kati ya vidole, kikafika hadi kwenye pindo la sare yangu. Nikasikia wenzangu wakicheka, wengine wakiziba pua, mmoja akiniita Poti. Jina hilo nililibeba mpaka darasa la nane. Mimi nilimtazama mdogo wangu tu. Psiiiii, mh. Tumbo lilikuwa linajikunja kama tambara linalokamuliwa, na uso niliuacha.

Mwalimu wa nasari alisimama akitutazama mpaka mwisho. Kisha akaenda mwenyewe kuchota maji, akayamwaga miguuni pangu polepole. "Kesho saa nne uje tena," akasema. "Nitaongea na mwalimu wako."

Wiki mbili nilikwenda kila saa nne. Baadaye mwalimu akaweka mkebe katikati ya miguu yangu. Baadaye tena akaweka viatu vyangu tu mbele ya mkebe, mdogo wangu akavitazama, akakaa, nami nikarudi darasani peku kumalizia hesabu zangu kwa wino. Hata muhula mmoja sikuupoteza.

Ile Alhamisi jioni mama aliporudi alikuwa ameshasikia kwa majirani. Nilikuwa nimenawa mara tano. Alileta karai hata hivyo, akapiga magoti na nyuzi zake kwenye sweta, akaniosha miguu kwa yale maji ya chumvi, katikati ya kila kidole, bila kuharakisha. Aliniambia tu ngozi imekauka, akanipaka mafuta. Sidhani kama mtu mwingine amewahi kunishukuru vile.

Mama sasa yuko kwao magharibi, hawezi tena kupiga magoti. Nyanya tulimzika zamani. Punda milia sijui walikwenda wapi, maana mbuga yote ni mageti na majina ya mashamba yaliyouzwa. Ploti ilibomolewa, na pale lilipokuwa lile shimo, nimehesabu hatua mwenyewe, sasa kuna duka la keki. Watu wanakula. Mimi hupita upande wa pili wa barabara.

Nilimsimulia mdogo wangu karibu haya yote pale bafuni, na nilipomaliza alikuwa amekunja pua.

"Miguu yako? Mimi?" akasema. "Sista, hiyo ni uchafu. Sikumbuki hata kidogo."

Iliniuma, sitakudanganya. Niliibeba aibu ile miaka yote nikidhani tunaibeba wawili. Lakini hapo ndipo binti yake alipotoa kichwa nyuma ya pazia, akatazama uso wa baba yake uliokunjamana, akarudi ndani haraka. Nikamwonyesha. Nikamwambia alichosema nyanya kuhusu uso. Akajitazama kwenye kioo.

Jumapili baada ya uji alivua vile viatu vyake, akavua soksi, akakunja suruali na kukaa kwenye vigae. Jivu hakuna siku hizi, tulitandaza gazeti. Mimi nilikataa katakata kukaa, zamu yangu nilimaliza. Binti alizunguka mara mbili, akajaribu kukaa, akainuka, mwishowe akatulia juu ya miguu ya baba yake akimtazama usoni. Hakuna kilichotokea. Nikakumbuka kwamba katika kumsimulia ile sauti ya nyanya nilikuwa nimeiruka, nikafungua mdomo nimfundishe.

Akanitangulia. Sidhani hata kama alijisikia. Psiiiii, akapuliza, ikashuka polepole, ikakatika, na puani akaguna: mh.

 Nyanya alikuwa ameingia bafuni mle, na aliyemleta ndiye asiyekumbuka kitu. Kisha harufu ikafika, na binti akageuka kunitazama mimi, macho makubwa, akisubiri. Tumbo langu likajikunja. Uso nikauacha.